Akedi ya Vitabu Iliyobomolewa, na Makabati Yetu Yaliyofungwa

Wapo wenzetu, na miongoni mwao wamo walimu wa Kiswahili wenye heshima zao, wanaoshikilia kwamba Mwafrika hana haja ya kulilia jengo lolote lililojengwa katika zama za Malkia Victoria. Hoja yao ni nyepesi kuieleza. Malkia huyo ndiye ambaye chini ya bendera yake nchi zetu zilitwaliwa. Jina lake ndilo ambalo Speke, mwaka 1858, alilibandika juu ya ziwa ambalo wenyeji walikwisha kuliita Nalubaale na Nyanza. Basi vyuma na vioo vya enzi yake vikianguka huko London, au Melbourne, au kwingineko, na vianguke. Hoja hiyo ina hasira ya haki ndani yake, wala siidharau. Walakini ni hoja ya mtu anayehesabu mawe. Mimi nataka kuhesabu kitu kingine. Na ili nisionekane ninatetea hewa, nitachukua jengo moja tu, ambalo limekwisha kutoweka, nionyeshe ni nini hasa kilichopotea pamoja nalo, na kwa nini upotevu huo unatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na mwambao, pengine zaidi kuliko unavyowahusu wenye mji wenyewe.

Neno kwanza. Mkazi wa Kampala hahitaji kufafanuliwa akedi ni kitu gani. Katikati ya mji wetu, kwenye maeneo yanayozunguka vituo vya teksi, akedi ni jengo la ghorofa kadhaa lililogawanywa vijiduka vidogo vidogo, na kati yake umepita ujia ambao watu hupishana ubavu kwa ubavu. Humo huuzwa simu, viatu, vitenge, vifaa vya umeme na nguo za harusi. Vitabu ni nadra humo, na vitabu vya Kiswahili ni adimu kama wali wa daku. Neno hilo tumelipokea kutoka kwa Waingereza, nasi tumelipa maana yetu. Kwa Waingereza wa karne ya 19 akedi ilikuwa ni njia iliyoezekwa kwa vioo, yenye maduka pande zote mbili, iliyojengwa ili watu wenye fedha wapate kununua bila kukanyaga tope wala kulowa mvua.

Na tusidanganyane: nyingi katika akedi hizo zilijengwa ili kumweka maskini nje. Ile ya Burlington katika mji wa London, iliyofunguliwa mwaka 1819 na ambayo ingali imesimama, iliwekewa walinzi wenye sare, na miongoni mwa makatazo yao ilikuwa ni mtu kupiga mbinja. Kupiga mbinja! Mtoto wa mtaani, ambaye hana fedha ila ana midomo, alikatazwa hata kile kidogo alicho nacho. Kama mjadala wetu ungekuwa juu ya akedi za namna hiyo tu, ningekaa upande wa wale wenzetu, nikanyamaza.

Lakini katika mji wa Melbourne, huko Australia, katika jimbo linalobeba jina la malkia yule yule, palikuwa na akedi ya namna nyingine. Ilikuwa ni akedi ya vitabu. Mwenyewe aliitwa Edward William Cole. Alizaliwa mwaka 1832 katika jimbo la Kent, Uingereza, akaondoka kwao angali kijana, akakaa kwa muda huko Rasi, Afrika ya Kusini, kisha mwaka 1852 akafika Australia wakati watu wa kila taifa walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Dhahabu hakuipata. Aliuza vinywaji vya limau kwa wachimbaji. Mwaka 1862 alisafiri kwa mashua katika mto Murray pamoja na mpiga picha. Alitembeza sambusa za Kizungu katika mitaa ya Melbourne. Mwaka 1865 akafungua kibanda cha vitabu vikuukuu sokoni, akianza na vitabu mia chache. Nawaomba wasomaji waiangalie hali hiyo vizuri. Huyu hakuwa bwana mkubwa aliyeteremka kuwagawia watu nuru. Alikuwa mchuuzi wa sokoni, wa tabaka lile lile la kina mama na vijana wanaotandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai kando ya barabara zetu.

Katika miaka ya 1870 alihamia katika jengo karibu na soko lile na kuliita Akedi ya Vitabu. Kisha mwaka 1883 akafungua ile kubwa, katika barabara ya Bourke, ambayo ilizidi kupanuka mwaka hadi mwaka hata ikaweza kumpitisha mtu kutoka barabara ya Bourke hadi barabara ya Collins. Ilikuwa ya ghorofa tatu, na katikati yake uwazi uliopanda moja kwa moja mpaka kwenye paa la kioo, ukizungukwa na roshani zenye kingo za chuma. Kutoka chini ulipoinua macho uliona vitabu juu ya vitabu juu ya vitabu. Mwenyewe alitangaza kuwa humo mna vitabu milioni mbili. Tangazo ni tangazo, na mfanyabiashara ni mfanyabiashara, nani alivihesabu? Hata tukikata nusu, na nusu ya nusu, bado ni shehena ambayo ukanda wetu wote haujapata kuikusanya mahali pamoja chini ya paa moja kwa ajili ya mtu wa kawaida.

Juu ya mlango ulipakwa upinde wa mvua, na upinde huo ndio uliokuwa alama yake katika kila kitu. Mbele palikuwa na mabaharia wawili wadogo wa bati, waliozungusha mkono wa mashine na kugeuza mbao za matangazo mchana kutwa, na watoto walisimama hapo kinywa wazi. Ndani palikuwa na bendi ya muziki, tumbili katika vizimba, bustani ya mimea ya kivulini, ukumbi wa chai ya Kichina, chumba cha kupigia picha, vikombe na sahani, vinanda, pipi. Mwanazuoni mkali aweza kukunja uso na kusema kwamba huo ulikuwa mchanganyiko wa soko na sarakasi. Ndiyo, ulikuwa hivyo. Na mimi nasema kwamba mwalimu yeyote ambaye amepata kusimama mbele ya darasa la watoto sitini mchana wa jua kali anajua thamani ya tumbili.

Sasa nifike kwenye kiini. Katika akedi ile viliwekwa viti, na mgeni alialikwa achukue kitabu, akae, asome muda apendao, wala asiulizwe kama atanunua. Hiyo haikuwa siri au fadhila ya mfanyakazi fulani mwenye huruma. Ilikuwa kanuni ya nyumba, ikitangazwa wazi. Mtumishi wa dukani, msichana mfuaji, baharia asiye na kazi, mtoto aliyetoroka mvua, wote walikuwa na haki ya kukaa na kitabu kilicho kipya kama alivyokuwa nayo hakimu. Akedi ya Burlington ilimtazama maskini kuwa ni mbinja inayosumbua. Akedi ya Cole ilimtazama kuwa ni msomaji ambaye bado hajanunua.

Wala mtu asidhani kwamba hiyo ilikuwa sadaka. Cole alitajirika. Hesabu yake ilikuwa kwamba asomaye kurasa kumi atataka ya kumi na moja. Kwamba watu elfu wanaoingia kutazama tumbili watapita mbele ya rafu elfu. Kwamba vikombe na pipi vyaweza kuvibeba vitabu vya falsafa ambavyo haviuziki haraka. Kitabu chake mwenyewe cha picha na mizaha kwa ajili ya watoto, kilichotoka mwaka 1879, kiliuzwa kwa wingi mno na kuendelea kuchapwa tena na tena hata baada ya yeye kufa. Humo umo mchoro wa kejeli wa mashine ya kuwachapa viboko wavulana watundu shuleni, ambao baadhi yetu tungefaidika kuutazama kabla ya kuingia darasani. Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba uhuru wa kusoma na faida ya biashara vilikaa nyumba moja kwa muda wa karibu nusu karne, na nyumba haikuanguka. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1890, mabenki ya Melbourne yalipofunga milango na matajiri wa viwanja wakafilisika, duka la vitabu liliendelea.

Kuna jambo jingine, nalo litawagusa wale wenzetu wanaouchukia utawala wa kikoloni, kama ninavyouchukia mimi. Mwaka 1901 Australia ilipitisha sheria ya kuzuia wahamiaji, na silaha ya sheria hiyo ilikuwa ni imla. Ndiyo, ndugu walimu, imla, lile zoezi tunalowapa watoto wa darasa la nne. Afisa wa forodhani alimsomea mgeni maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua afisa mwenyewe, na aliyeshindwa kuyaandika alirudishwa. Mchina au Mhindi au Mwafrika aliyejua Kiingereza aliweza kupewa lugha nyingine. Mwaka 1905 wakalegeza maneno ya sheria ili lugha yoyote iliyowekwa iweze kutumika, na nia ikabaki ile ile. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, mtu mwenye lugha nyingi ambaye serikali haikuzipenda siasa zake, alipewa imla kwa Kigaeli cha Uskoti! Mahakama kuu ikaona aibu na kuitupilia mbali hila hiyo, lakini imla yenyewe haikufutwa mpaka mwaka 1958. Sijui kama historia ya elimu ina mfano mwingine ulio wazi kama huu wa somo la lugha kugeuzwa kuwa kufuli.

Basi katika nchi hiyo, wakati huo huo ambapo karibu kila chama cha siasa kilikuwa kikiimba wimbo wa Australia ya Weupe, mwuza vitabu yule aliandika vijitabu kuipinga siasa hiyo. Alidai kwamba rangi ya ngozi ni kazi ya jua na hali ya nchi katika vizazi vingi, wala si cheo. Kwamba binadamu ni jamaa moja. Mwaka 1903 alisafiri hadi Japani. Juu ya vibati vya duka lake aligongesha maneno ya kuhimiza usomaji na umoja wa ulimwengu, vikazagaa mifukoni mwa watu kama senti. Simfanyi mtakatifu. Mji wenyewe ulisimama, na ungali unasimama, juu ya ardhi ya watu wa Wurundjeri, ambao walowezi waliingia kwao mwaka 1835, na hakuna rafu ya vitabu inayolipa deni hilo. Lakini mtu akisema kwamba kila kioo cha zama za Victoria ni kioo cha dhuluma tu, na aeleze kwanza ni kwa nini kibati cha mchuuzi huyu kilisema kinyume cha sheria ya nchi yake.

Cole alifariki mwaka 1918. Mwaka 1929 akedi ilifungwa, ikauzwa, ikavunjwa, na mahali pake likajengwa duka kubwa la bidhaa za bei nafuu la kampuni ya Coles, ambayo licha ya kufanana majina haikuwa na udugu wowote na marehemu. Vitabu vilitawanyika. Mabaharia wa bati wakaishia makumbushoni. Katika kichochoro cha Howey Place lingalipo paa la kioo ambalo Cole aliliweka, na wapita njia huenda chini yake wakiwa na mifuko ya ununuzi, wengi wao bila kujua kwamba vioo hivyo viliwekwa ili mtu mwenye kitabu asilowe.

Lakini akedi nyingine mbili za mji ule zipo. Ile iitwayo Royal, iliyofunguliwa mwaka 1870, imehifadhiwa pamoja na majitu yake mawili yanayogonga saa. Ile iitwayo Block, ya miaka ya 1890, imehifadhiwa pamoja na sakafu yake ya vigae vya nakshi. Wageni huzipiga picha, na vitabu vya utalii huzitaja kuwa ni urithi. Ni urithi kweli. Ila tazama kilichochaguliwa: jumba la mapambo na keki limelindwa, jumba ambamo mtu asiye na senti aliweza kusoma lilivunjwa, na lililosalia kwake ni jina na picha. Nasi tusiseme kwamba hayo ni mambo ya Australia. Ndivyo ulimwengu wote unavyochagua, nasi tumo. Tunalinda kile kinachopendeza kukitazama kabla ya kile kinachofaa kutumiwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wahifadhi wa majengo, ambao ndio kundi la pili ninalotaka kuligombeza. Wao husikitika kwamba roshani za chuma zimeyeyushwa. Mimi nasema kwamba roshani zaweza kufuliwa tena kesho. Mwaka 1882, yaani mwaka mmoja kabla ya ile akedi kubwa kufunguliwa, Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga juu ya kilima cha Kasubi jumba la Muzibu Azaala Mpanga, ambalo mwaka 1884 likawa kaburi lake. Mwezi Machi 2010 jumba hilo liliteketea kwa moto. Watu walilia barabarani, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini nyumba ile imejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Iliwezekanaje? Kwa sababu moto uliunguza nyasi na nguzo, haukuunguza maarifa. Waezekaji wa ukoo wa Ngeye walikuwapo, miiko ilikuwapo, waliojua ni nyasi gani na zifungwe vipi walikuwapo, wakawafundisha vijana. Jumba lilikufa, kazi haikufa, na kazi ikalifufua jumba.

Linganisha na Unguja. Beit al-Ajaib, nyumba ya Seyyid Barghash, ilijengwa mwaka 1883, mwaka ule ule wa akedi ya Cole, nayo ilisimama juu ya nguzo za chuma cha kalibu za mtindo ule ule uliokuwa ukitapakaa duniani wakati huo. Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, ikaua watu wawili, ilhali mafundi wako kazini. Sote tulishtuka. Lakini tuulizane: ni wangapi kati yetu tulishtuka vivyo hivyo nyumba hiyo ilipokuwa imesimama na milango yake imefungwa kwa miaka, mwanafunzi asiweze kuingia kutazama kilichomo? Jengo lililofungwa limekwisha kuanguka nusu.

Hicho ndicho kilichopotea Melbourne mwaka 1929 na ambacho hakuna aliyejisumbua kukirithi: ruhusa. Ruhusa ya kugusa kitabu kabla ya kukilipia. Ruhusa hiyo haikuwa na ukoo wa kuitunza kama nyasi za Kasubi zilivyo na wa Ngeye. Mwenye duka alipokufa, na walioachiwa walipochoka, ikafa.

Sasa tujitazame. Hapa Uganda Kiswahili kimeamrishwa mara nyingi kuliko kilivyosomwa. Mwaka 1973 kilitangazwa lugha ya taifa kwa amri ya utawala wa kijeshi, na amri ile ilikiongezea maadui, kwa maana watu walizoea kukisikia kinywani mwa askari aliyewasimamisha njiani. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ninayapokea hayo yote kwa furaha, na chama kama chetu kilikuwa na wajibu wa kuyadai. Lakini hapana amri iliyopata kumfanya mtu apende kusoma. Katika miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake pale Makerere, na Shirika la Uchapishaji la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa na ofisi Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo la pamoja lilikwenda na maji. Tumekuwa na kamati, amri na mitihani. Kitu ambacho hatujawa nacho ni kiti ambacho mtu asiye na fedha aweza kukikalia na riwaya ya Kiswahili mkononi.

Nenda katika shule zetu. Vitabu vya Kiswahili, pale vilipo, vimo ndani ya kabati ya chuma katika ofisi ya mwalimu mkuu, na ufunguo umo mfukoni mwa mtu ambaye leo amekwenda mkutanoni. Vinatolewa siku ya ukaguzi, vinafutwa vumbi, vinahesabiwa, vinarudishwa. Nimeona katika shule moja nakala za riwaya zikiwa safi kabisa, kurasa zake hazijapata kutenganishwa, miaka sita baada ya kugawiwa. Mwenye kabati aliniambia kwa fahari kwamba hakuna hata moja iliyopotea. Na madukani hali si njema zaidi. Kitabu kimevishwa nailoni, ukiipasua umekinunua. Katika duka moja mjini mwanafunzi wangu alisimama akisoma ukurasa wa tatu wa tamthilia, mlinzi akamjia na kumwambia kwamba hapa si maktaba. Kijana huyo alikuwa na nauli ya kurudi nyumbani tu. Mlinzi yule alikuwa ni mrithi halali wa walinzi wa Burlington, ingawa hajapata kuwasikia.

Ndiyo maana nasema kwamba wale wenzetu wanaokataa kuikumbuka akedi ya Melbourne kwa sababu ya jina la malkia wameukataa upande wa zama zile uliotufaa na kuushika upande uliotuumiza. Tumerithi kufuli. Tumerithi imla, na hesabu ya stoo, na daftari la ukaguzi, na mlinzi mlangoni. Hivyo tumevilinda kwa uaminifu ambao hata walioviacha wangeshangaa. Kile kiti tumekiita anasa.

Nayajua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nimeyasikia vyumbani mwa walimu. La kwanza, vitabu vitaibiwa. Baadhi vitaibiwa. Kitabu cha Kiswahili kilichoibiwa Kampala kimempata mtu anayekitaka, jambo ambalo silo la kawaida, na kina matumaini makubwa ya kusomwa kuliko kile kilicho ndani ya chuma. La pili, vitachakaa. Na vichakae! Kitabu kilichochakaa kwa vidole ni ushahidi unaoweza kupelekwa mbele ya wizara kudai kingine; kitabu kilicholiwa na mchwa kinatudai maelezo. La tatu, na hili ndilo zito, wachapishaji na wauza vitabu watakula nini ikiwa watu watasoma bure? Hapa naomba tuirudie hesabu ya yule mchuuzi wa vinywaji vya limau. Hakuna soko la vitabu mahali ambapo hakuna wasomaji, na hakuna msomaji aliyepata kuzaliwa mbele ya nailoni. Kiswahili mwambaoni kina masikio kabla hakijapata wasomaji: mtoto wa Mombasa au Tanga anazaliwa ndani ya lugha. Mtoto wa Gulu, au Gitega, au Huye, anahitaji kukutana nayo katika ukurasa, mara nyingi, bila kulipishwa kila mara na bila kusahihishwa kila mara. Duka linalomzuia kusoma ukurasa wa tatu limempoteza mnunuzi wa vitabu ishirini.

Wala simwombi mtu ajenge jumba la ghorofa tatu lenye paa la kioo. Akedi tunazo tayari, zimejaa watu kuanzia asubuhi hadi usiku, na katika kila moja kuna kijiduka kimoja kisicho na mpangaji, au kona chini ya ngazi ambako mwenye nyumba huweka mafagio. Tawi la chama chetu likodi kona hiyo kwa mwezi mmoja. Liweke benchi, taa, na vitabu mia moja visivyovikwa chochote: hadithi fupi, tamthilia, mashairi, magazeti ya zamani, kamusi moja iliyofungwa kwa kamba kama mtu anaona hapana budi. Liweke karibu yake mama wa kuuza chai, maana chai itailipa kodi kama vikombe vya Cole vilivyoilipa falsafa. Na shuleni, ufunguo wa kabati ya Kiswahili atunziwe mwanafunzi, si mwalimu. Achaguliwe na wenzake kwa muhula mmoja, afungue saa ya mapumziko, aandike majina katika daftari. Wale ambao watasema jambo hilo haliwezekani, nitawauliza wamelijaribu mwaka gani na vilipotea vitabu vingapi.